Kutuma si Kuwasilisha: Uhakiki wa Hesabu ya Fomu za Tovuti kwa Kuzingatia Mazingira ya Mkolani, Mwanza

1. Utangulizi

Taasisi yoyote inayopokea maombi kupitia tovuti hulazimika, mwishoni mwa msimu, kujibu swali moja: ni fomu ngapi zilizowasilishwa? Swali hili huonekana jepesi kwa kuwa siku hizi jibu lake hutolewa na mashine. Zana za takwimu za tovuti, kama vile Google Analytics iliyoanza kutolewa mwaka 2005 na Matomo iliyojulikana awali kwa jina la Piwik, hurekodi kurasa zinazofunguliwa na vitufe vinavyobonyezwa, kisha hutoa ripoti yenye safu za tarakimu. Tarakimu hizo husomwa kikaoni na uamuzi hufuata: tangazo lipi lilipiwe tena, dawati gani la msaada lifungwe, fomu ipi ipunguzwe maswali.

Makala haya yanaihakiki tarakimu hiyo kama matini. Hoja yake kuu ni kwamba zana hizi huhesabu kutuma, ilhali ripoti zake husomwa kana kwamba zimehesabu kuwasilisha. Na kwamba humhesabu anayejaza fomu, ilhali mwenye fomu mara nyingi ni yule anayejaziwa. Tofauti hizi mbili zimo tayari katika mofolojia ya Kiswahili na katika mazungumzo ya kila siku ya waombaji. Zinapopotea ndani ya ripoti, anayeumia si mtaalamu wa takwimu bali ni mwombaji ambaye taasisi inaamini imeshampokea, au inaamini hakuwahi kuwapo.

Mazingira yanayotumika kuijaribia hoja hii ni kata ya Mkolani, katika Wilaya ya Nyamagana mkoani Mwanza, kandokando ya barabara kuu itokayo mjini kuelekea Shinyanga, kati ya Nyegezi na Buhongwa. Kata hii haikuchaguliwa kwa upekee wake. Imechaguliwa kwa sababu inafanana na vitongoji vingi vya miji ya Tanzania: ina wanafunzi waliomaliza kidato cha nne na cha sita, ina simu nyingi na kompyuta chache, na ina maduka ya steshenari ambamo sehemu kubwa ya maombi ya mtandaoni hukamilishwa. Uhakiki huu hauilengi taasisi yoyote kwa jina. Unalenga namna ya kuhesabu.

2. Usuli

Umuhimu wa suala hili nchini Tanzania uliongezeka kutokana na mabadiliko ya utaratibu wa udahili. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilianza kuendesha mfumo wa pamoja wa udahili, ambapo mwombaji aliingia katika mfumo mmoja na kuchagua vyuo. Mwaka 2017 utaratibu huo ulisitishwa na waombaji wakaelekezwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Tangu hapo kila chuo kimekuwa na fomu yake, tovuti yake, na kwa hiyo hesabu yake. Kwa upande wa mikopo, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) nayo hupokea maombi kwa mfumo wa mtandao.

Hivyo basi, kijana mmoja wa Mkolani anaweza kujaza fomu tatu au nne katika msimu mmoja, na kila moja ikaacha alama katika kitabu cha hesabu cha mtu mwingine. Swali la kihakiki ni hili: alama hizo zinamsimulia nani?

3. Mkabala wa Uhakiki

Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu msomaji anayedokezwa, alionesha kwamba matini humjenga msomaji wake kabla msomaji halisi hajaifungua. Matini huweka nafasi, na msomaji halisi hutakiwa kuikalia. Mkabala huo, ambao umezoeleka katika uhakiki wa riwaya, unafaa pia kwa ripoti ya takwimu za tovuti, kwa kuwa ripoti hiyo nayo humdokeza mtu fulani inayemwita mtumiaji.

Mtumiaji anayedokezwa na zana hizi ana sifa zinazoweza kuorodheshwa. Ni mtu mmoja mwenye kifaa kimoja na kivinjari kimoja. Ameketi peke yake. Intaneti yake haikatiki. Huanza fomu na kuimaliza bila kuinuka. Anaposita, husita kwa sababu fomu imemchosha, si kwa sababu amekwenda kutafuta wakala wa pesa za simu. Hakuna ubaya kwa matini kuwa na mtu inayemdokeza. Hakuna matini isiyokuwa naye. Ubaya huanza pale mtu huyo anapodhaniwa kuwa ndiye mwombaji mwenyewe.

4. Kujaza, Kujazia na Kujaziwa

Kitenzi jaza, kinapopewa kauli ya kutendea, huwa jazia, na katika kauli ya kutendewa huwa jaziwa. Mwombaji anaposema kwamba amejaziwa fomu steshenari, ametoa kwa neno moja taarifa tatu: fomu ni yake, mkono uliobonyeza si wake, na kati yake na tovuti yupo mtu wa tatu. Zana za takwimu hazina safu ya mtu huyo wa tatu.

Namna zana zinavyomtambua mtumiaji inaeleza pengo hilo. Google Analytics huweka ndani ya kivinjari kidakuzi chenye namba ya utambulisho iliyozalishwa bila mpangilio. Kwa kawaida kidakuzi hicho huwekwa kidumu kwa miaka 2, isipokuwa kimefutwa au kivinjari kimekifupisha. Namba hiyo ni ya kivinjari, si ya mtu. Ichukuliwe, kwa mfano wa kufikirika, kwamba kompyuta moja ya steshenari imewahudumia waombaji 20 wa chuo kimoja ndani ya wiki moja. Hifadhidata ya chuo itakuwa na majina 20. Ripoti ya takwimu inaweza kuwa na mtumiaji 1 mwenye matukio 20 ya kutuma fomu. Mchambuzi asiyeijua steshenari atamwona mtumiaji huyo kuwa kitu kisicho cha kawaida, huenda programu inayojiendesha yenyewe, na kumwondoa katika hesabu kwa nia njema ya kusafisha data. Kwa tendo hilo waombaji 20 wa kitongoji kimoja watakuwa wamefutwa katika picha ambayo uongozi hutumia kuamua pa kuelekeza msaada.

Kinyume chake pia hutokea. Mwombaji anayefungua tovuti kwa simu yake, akarudi kwa simu ya dada yake yenye kifurushi, kisha akamalizia kwenye kompyuta ya duka, huonekana kuwa watumiaji 3, ambao wawili kati yao walianza na kuishia njiani. Ripoti itasema kwamba theluthi mbili ya watumiaji hao waliiacha fomu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeiacha.

Suala la mahali nalo lina tatizo lake. Zana hukisia mji wa mtumiaji kutokana na anwani ya mtandao. Kwa anayetumia intaneti ya simu, anwani hiyo huweza kuelekeza kwenye mji ulio na mitambo ya kampuni ya simu badala ya mji alipo mtu. Mtumiaji wa Mwanza huweza kusomeka kuwa wa Dar es Salaam. Hata inapokisia vizuri, ripoti huishia kwenye mji. Haina kata wala mtaa. Kwa hiyo Mkolani, kama sehemu yenye mahitaji yake, haimo katika matini hii.

5. Kutuma na Kuwasilisha

Kitenzi wasilisha ni kauli ya kutendesha ya wasili, na wasili maana yake ni kufika. Kuwasilisha, kwa hiyo, ni kufanya kitu kifike. Kutuma hakuna ahadi hiyo: barua iliyotumwa yaweza kupotea, na mjumbe aliyetumwa yaweza kuwa bado yu njiani. Wahenga walisema kwenda mbio siyo kufika. Watafsiri wa vitufe vya tovuti hutumia maneno haya mawili kana kwamba ni visawe. Fomu moja huandika Tuma na nyingine Wasilisha, bila tofauti yoyote katika kinachotendeka nyuma ya kitufe. Katika hesabu, hata hivyo, tofauti ni kubwa.

Kuna njia nne zinazotumika zaidi kuhesabu fomu. Ya kwanza ni kuhesabu kubonyezwa kwa kitufe. Njia hii hurekodi nia: mwombaji aliyeacha nafasi ya lazima wazi na kurudishwa na fomu huhesabiwa, na anayebonyeza mara tatu kwa sababu mtandao umekwama huhesabiwa mara tatu. Ya pili ni kuhesabu tukio la kivinjari kuitoa fomu, ambayo ndiyo njia inayotumiwa na Google Analytics 4 kupitia vipimo vyake vilivyoimarishwa. Tukio hili hunaswa upande wa mwombaji, kabla seva haijajibu. Seva ikikataa fomu kwa sababu picha ni kubwa mno, hesabu imeshaingia. Zaidi ya hayo, fomu iliyopachikwa ndani ya ukurasa kutoka tovuti nyingine, au inayotumwa kwa hati za programu bila ukurasa kubadilika, huweza isinaswe kabisa.

Njia ya tatu ni kuhesabu kufunguliwa kwa ukurasa wa shukrani, ule unaomwambia mwombaji kwamba maombi yake yamepokelewa. Hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa ukurasa huo, ukitengenezwa vizuri, huja baada ya jibu la seva. Hata hivyo, mwombaji anayeufungua upya ili auchapishe kama ushahidi huongeza hesabu, na yule ambaye mtandao umekatika sekunde ile ile hupotea ingawa maombi yake yamefika. Njia ya nne ni kuhesabu rekodi zilizomo katika hifadhidata ya taasisi. Ni hii ya mwisho pekee inayostahili kitenzi wasilisha. Nyingine tatu huhesabu viwango tofauti vya kutuma, ijapokuwa ripoti huweza kuziita zote kwa jina moja.

Pengo hilo hupanuka zaidi kwa fomu ambazo lazima zitoke kwenye skrini kabla ya kukamilika. Ombi la mkopo wa HESLB ni mfano unaofahamika. Mwombaji hujaza sehemu ya kwanza mtandaoni, huchapisha kurasa, huzipeleka kwa mdhamini, kwa serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo zitiwe saini na mihuri, kisha huzirudisha steshenari ziskaniwe na kupakiwa. Malipo ya ada ya maombi nayo huhitaji namba ya kumbukumbu ya malipo, na mara nyingi safari ya kwenda kwa wakala. Sasa, katika Google Analytics, kipindi cha mtumiaji hukatika kwa kawaida baada ya dakika 30 za ukimya. Mchakato wa namna hii ukipimwa kwa kipimo hicho, safari ya kutafuta muhuri wa mwenyekiti wa mtaa husomeka kuwa mtu amechoka na kuondoka. Zana haikukosea katika kuhesabu dakika. Ilichokosa ni neno la kumwita mtu aliyekwenda na atarudi.

6. Taarifa Binafsi ndani ya Hesabu

Hadi hapa uhakiki umegusa kile ambacho ripoti haikioni. Upo upande wa pili: kile ambacho ripoti hukiona bila kustahili. Baadhi ya fomu, baada ya kutumwa, hupeleka majibu ya mwombaji ndani ya anwani ya ukurasa unaofuata. Kwa kuwa zana ya takwimu hurekodi anwani za kurasa, hurekodi pia barua pepe, namba ya simu au namba ya mtihani iliyobebwa humo. Masharti ya Google yenyewe yanakataza kupeleka katika Google Analytics taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, lakini katazo hilo halizuii kosa la mtengenezaji wa fomu asiyejua kwamba amelifanya.

Namba ya mtihani inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu machoni pa mtu wa nje huonekana kuwa tarakimu tupu. Kwa Mtanzania si hivyo. Namba hiyo hubeba namba ya kituo na namba ya mtahiniwa. Ikiambatanishwa na mwaka, mtu yeyote anaweza kuitafuta katika matokeo yanayotangazwa hadharani na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) na kuona shule na alama. Zana iliyobuniwa kwingineko haiwezi kujua kwamba mfuatano huo wa herufi na tarakimu ni utambulisho wa mtu. Wajibu wa kujua ni wa taasisi inayoutumia.

Wajibu huo sasa ni wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. Sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana kwa mhusika, na inaweka masharti juu ya kusafirishwa kwa taarifa nje ya nchi. Hapa kitenzi jaziwa hurudi na uzito mpya. Tangazo la ridhaa linalojitokeza chini ya ukurasa hubonyezwa na mhudumu wa steshenari, kwa haraka, wakati mwombaji ameketi pembeni akimsomea tarehe yake ya kuzaliwa. Ridhaa imetolewa na kivinjari kwa niaba ya mtu ambaye hakuuona ukurasa. Ridhaa ya namna hiyo inaweza kuijaza safu ya ripoti, lakini ni vigumu kuitetea kuwa ni ridhaa ya mwombaji.

7. Hoja za Utetezi

Uhakiki usiosikiliza upande wa pili hugeuka kuwa shutuma. Zana za takwimu zina faida ambayo hifadhidata haina. Hifadhidata huwajua waliofika tu. Mwombaji aliyefika swali la tisa akashindwa kupakia cheti na kukata tamaa hana jina popote katika kumbukumbu za taasisi. Alama yake pekee ni ile iliyobaki katika zana ya takwimu. Taasisi inayozitupa zana hizi kwa sababu si kamilifu itakuwa imejifungia isiwaone watu inaopaswa kuwatafuta.

Aidha, baadhi ya kasoro zilizotajwa hurekebishika kwa mipangilio. Matomo huweza kusimikwa kwenye seva ya taasisi yenyewe, na hivyo data ikabaki mikononi mwa mkusanyaji. Muda wa kipindi waweza kurefushwa. Katika Google Analytics 4, data ya kina ya watumiaji na matukio kwa chaguo-msingi huhifadhiwa miezi 2, lakini yaweza kuwekwa ihifadhiwe miezi 14. Bila badiliko hilo, taasisi inayodahili mara moja kwa mwaka haiwezi kuilinganisha kwa kina safari ya waombaji wa msimu huu na ya msimu uliopita.

Utetezi huu unakubalika, lakini una mpaka. Mipangilio hurekebisha muda na mahali pa kuhifadhi data. Haimbadilishi mtu anayedokezwa. Hata Matomo iliyosimikwa Mwanza kwenyewe itaendelea kuihesabu kompyuta ya steshenari kuwa mtu mmoja, mpaka taasisi iamue kuuliza swali ambalo zana haiwezi kujiuliza.

8. Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kwamba tarakimu ya fomu zilizowasilishwa, kama inavyotolewa na zana za takwimu za tovuti, ni matini yenye msimulizi asiyeona kila kitu. Msimulizi huyo huona vivinjari na kuviita watu; huona kutuma na kukuita kuwasilisha; huona ukimya na kuuita kuacha. Kiswahili kina maneno yanayotosha kuzitenga dhana hizo, na kwa hiyo kosa si la upungufu wa istilahi bali ni la kutozitumia zilizopo.

Kutokana na matokeo hayo, yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, hesabu ya maombi yaliyowasilishwa itolewe kwenye hifadhidata pekee, na safu ya zana ya takwimu iitwe kwa jina lake, yaani majaribio ya kutuma. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ichunguzwe kila wiki wakati wa msimu, kwa kuwa ndani ya tofauti hiyo ndimo walimo waombaji waliokwama. Pili, fomu iwe na swali fupi linalouliza iwapo mwombaji anajaza mwenyewe au anajaziwa, na yuko kata gani. Majibu mawili hayo yataeleza mengi kuliko makisio ya anwani ya mtandao. Tatu, jibu lolote la mwombaji, na hasa namba ya mtihani, lisibebwe katika anwani ya ukurasa. Nne, fomu iruhusu kuhifadhiwa na kuendelezwa kwenye kifaa kingine, ili anayekwenda kutafuta saini au kufanya malipo asihesabiwe kuwa ameondoka.

Utafiti zaidi unahitajika katika maduka ya steshenari yenyewe, kwa njia ya ushuhudiaji, ili kubaini mhudumu anachokiamua kwa niaba ya mwombaji: anwani ipi ya barua pepe inayoandikwa, neno la siri linatunzwa na nani, na ni nani anayepokea ujumbe wa kwamba maombi yamekubaliwa. Maswali hayo hayana safu katika ripoti yoyote ya sasa. Ila kwa mwombaji wa Mkolani anayesubiri majibu, ndiyo yanayoamua kama fomu yake imewasili au imetumwa tu.